Kununua na kutunza nyumba ya kupangisha Dar es Salaam: mwongozo kwa mwenye mtaji mdogo

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye fedha yake inatosha nyumba moja tu: kiinua mgongo, akiba ya SACCOS, shamba la urithi lililouzwa, au miaka ya kujibana ughaibuni. Mtu wa namna hii akinunua vibaya hana nyumba nyingine ya kumfidia. Nazungumzia Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakopangisha, Tabata na Mbagala, na kwa sababu jiji hili lina adui anayefahamika na kila fundi, nayo ni maji. Kuna maji ya paa, maji ya choo, maji yanayopanda ukutani kutoka ardhini na maji ya bondeni yanayokuja na masika. Sehemu kubwa ya fedha ninayowapa mafundi kila mwaka inakwenda huko, na nyumba nyingi nilizoonyeshwa nikazikataa, nilizikataa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo nitarudi kwenye maji mara kwa mara.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya mwaka

Dalali atakupa hesabu ya mwezi. "Nyumba ina familia nne, kila moja inalipa laki na nusu, laki sita hizo kila mwezi." Hesabu ya mwezi inapendeza kwa sababu haina mashimo. Wewe chukua kalamu upige ya mwaka.

Tuseme ni hiyo hiyo nyumba: sehemu nne za chumba na sebule zenye choo ndani, kila moja Sh150,000 kwa mwezi, na mwenyewe anataka Sh65,000,000. Zikijaa mwaka mzima unapata Sh7,200,000. Lakini mpangaji anahama, unapaka rangi, unarekebisha kitasa, unamsubiri mwingine. Kwa kila sehemu weka mwezi mmoja mtupu kwa mwaka, na hapo umebaki na Sh6,600,000. Kodi ya serikali kwenye pango ni asilimia 10, toa Sh660,000. Matengenezo mimi huwa nayatengea si chini ya Sh900,000 kwa nyumba ya ukubwa huo, na nyumba ikiwa ya zamani naongeza. Toa na kodi ya jengo, Sh18,000. Inabaki kama milioni 5 na ushee. Kwa hesabu ya dalali fedha yako inarudi kwa kama miaka tisa. Kwa hesabu hii ni miaka kumi na tatu, na hapo hujapanga foleni ya wakili wala hujapanda bodaboda kwenda kukagua.

Miaka kumi na tatu si mibaya. Nyumba inabaki, na kwa kawaida kiwanja kinapanda thamani. Ubaya ni kununua ukiwa umeamini tisa, halafu ukalipa kwa mkopo wenye riba kubwa kuliko kile nyumba inachoingiza. Milioni 5 kwa mtaji wa milioni 65 haifiki asilimia 8. Mkopo wa benki wa nyumba hapa kwetu riba yake iko juu ya hapo. Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo akinunua kwa mkopo mtupu, mshahara wake ndio utakaolipa nyumba, si wapangaji. Kama mshahara unaweza, sawa, lakini lijue hilo kabla ya kusaini.

Hatua ya pili: chagua mtaa kwa nauli na kwa mteremko

Mpangaji wa laki na nusu anahesabu nauli kabla ya kuhesabu vigae. Nyumba ambayo anafika kazini kwa gari moja inapata mtu haraka kuliko nyumba nzuri zaidi inayomdai bodaboda, kisha daladala, kisha daladala nyingine. Ndiyo maana tangu mwendokasi uanze mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, vyumba vinavyofikika kwa miguu kutoka vituoni havikai wazi muda mrefu. Vyuo, hospitali kubwa, viwanda na masoko vinafanya kazi hiyo hiyo. Kaa kituoni saa kumi na mbili asubuhi uone watu wanatokea vichochoro gani. Hao ndio wapangaji wako.

Kisha angalia mteremko. Mtaa mmoja unaweza kuwa na nyumba za juu zilizo kavu na nyumba za chini zinazoogelea. Waulize wauza genge na mafundi viatu wa pale, si dalali: masika maji hufika wapi? Angalia alama za tope kwenye kuta na kuzio za majirani, na angalia kama milango ya jirani imejengewa kizingiti cha tofali. Hakuna anayejenga kizingiti cha goti kwenye mlango wake bila sababu.

Bonde la Msimbazi na vijito vyake ni somo tosha. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali iliwahamishia Mabwepande wakazi wa mabondeni, na mwishoni mwa 2015 nyumba zikabomolewa Mkwajuni na maeneo jirani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari. Nyumba ya bei poa iliyo mita 30 kutoka mtoni ni poa kwa sababu hiyo. Barabara nayo ina hifadhi yake. Waliokuwa Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017, Barabara ya Morogoro ilipokuwa inapanuliwa, wanajua alama ya X ukutani inamaanisha nini: nyumba itabomolewa. Kama nyumba iko karibu na barabara kuu, nenda ofisi ya TANROADS ya mkoa ukaulize mpaka wa hifadhi kabla ya kuuliza bei.

Hatua ya tatu: karatasi

Hapa usiwe na haraka hata kama dalali anasema kuna mteja mwingine anakuja jioni na fedha taslimu. Huyo mteja wa jioni yupo kwenye kila nyumba.

Kuna aina tatu za karatasi utakazokutana nazo. Ya kwanza ni hatimiliki, ya miaka 33, 66 au 99. Ya pili ni leseni ya makazi, inayotolewa kwenye maeneo yasiyopimwa. Ni ya muda mfupi na inabidi ihuishwe. Ya tatu, iliyo ya kawaida zaidi mitaani kwetu, ni mkataba wa mauziano uliopigwa muhuri na serikali ya mtaa. Kila moja inanunulika, lakini kwa bei tofauti na kwa tahadhari tofauti.

Kwenye hatimiliki, fanya upekuzi kwenye ofisi ya Msajili wa Hati. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki, kama hati imewekwa rehani benki, na kama kuna zuio la mahakama au la mtu mwingine. Usikubali nakala ya simu. Uliza pia kodi ya ardhi ya kila mwaka imelipwa mpaka lini, kwa sababu deni lake linakaa kwenye kiwanja na utalirithi. Kisha mlipe mpimaji aje na ramani atafute bikoni, yaani mawe ya mpaka, maana kuna hati halali kabisa ambayo ukuta wa nyumba umekaa kwenye kiwanja cha jirani.

Kwenye mkataba wa serikali ya mtaa, karatasi peke yake haina uzito. Uzito wake unatoka kwa watu. Omba mikataba yote ya nyuma: huyu alinunua kwa nani, na yule kwa nani. Nenda kwa mjumbe wa shina, nenda kwa majirani wa pande zote nne, na uwaulize mmoja mmoja bila dalali kuwepo. Siku ya mauziano hao majirani wasaini kama mashahidi wa mipaka. Mkataba wenyewe aandike wakili, ofisi ya mtaa ishuhudie. Ukidaiwa asilimia 10 ya bei kama "ya ofisi", elewa kwamba hilo ni la mazoea. Omba stakabadhi ya serikali kwa kila unachotoa.

Watu wawili ndio wanaovuruga mauziano mengi. Wa kwanza ni mke au mume wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mtu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo ridhaa iwe ya maandishi, na mwenye ridhaa asaini mbele yako. Wa pili ni ndugu. Kama nyumba ni ya marehemu, muuzaji halali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama kaka mkubwa ndiye anayeishi humo na ndiye anayekukaribisha chai. Ona barua ya mahakama, kisha waone warithi wengine. Muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12, na ndugu aliyeko Mwanza anaweza kutokea mwaka wa kumi.

Hatua ya nne: ikague nyumba ikiwa imelowa

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kama unaweza, fanya ukaguzi wako wa mwisho siku ya mvua au siku inayofuata. Nyumba inayokaguliwa Agosti huwa haina kasoro.

Anza na ukuta wa chini, kwa sababu ndio unaofichwa zaidi. Kuna nyumba moja Mbagala nilipelekwa, imepakwa rangi mpya ya maziwa, nzuri, inanukia. Fundi wangu hakuangalia rangi. Alisogeza kochi la sebuleni, akachuchumaa, akaweka dole gumba ukutani, shibiri moja juu ya sakafu, akabonyeza. Rangi ilipasuka kama ganda la yai na plasta ikamwagika mkononi mwake, nyuma yake unga mweupe. Dalali akasema, "Huo ni unyevu tu wa kudeki, mzee." Fundi akasogea hatua mbili, akabonyeza tena, ikawa vilevile. Nusu ya kuta za nyumba ile zilikuwa zimeliwa na chumvi.

Chumvi ya ukutani inatokea hivi. Msingi ukijengwa bila karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, au kwa mchanga wa baharini, au kwa maji ya kisima cha chumvi, maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali. Yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na kuacha chumvi, na chumvi hiyo ikikomaa inasukuma plasta na rangi nje. Rangi mpya haiponyi. Rangi ya mafuta ndiyo inazidisha, kwa sababu inafunga unyevu ndani na kuupeleka juu zaidi. Tiba ni kubandua plasta hadi tofali lionekane, juu kidogo ya pale chumvi ilipofika, kuuacha ukuta ukauke sawasawa, kisha kupiga plasta mpya kwa mchanga safi wa mtoni na saruji iliyochanganywa dawa ya kuzuia maji. Nje ya nyumba mwaga zege jembamba lenye mteremko kuzunguka msingi ili maji ya paa yasisimame pale. Kazi hiyo ina gharama. Iulize kwa fundi kabla hujapatana bei ya nyumba, halafu uitoe kwenye bei.

Panda juu ya dari. Tafuta madoa ya njano kwenye jipsamu au singibodi, tafuta mwanga wa jua unaopenya kwenye bati, na gonga mbao za paa kwa nyundo. Mbao iliyoliwa na mchwa inatoa sauti ya utupu. Bati nyingi huvuja kwenye misumari na kwenye kofia kabla hazijatoboka zenyewe. Uliza geji: namba inavyopungua, bati linakuwa nene. Bati la geji 28 linavumilia hewa ya chumvi kuliko la geji 30, na lile jembamba la 32 kwa nyumba ya kupangisha karibu na bahari mimi silitaki.

Sasa choo. Fungua chemba zote, mimina ndoo za maji chooni na bafuni, utazame yanavyopita. Kama maji yamesimama kwenye chemba kabla hujamimina, karo (shimo la majitaka) limejaa au bomba limeziba. Maeneo ambayo maji ya ardhini yako juu, kama sehemu nyingi za Mbagala na Tabata bondeni, karo hujazwa na ardhi yenyewe wakati wa masika, na ukinyonya leo wiki ijayo limejaa. Jingine ambalo wanunuzi wengi hawalitazami: gari la majitaka linafika? Lina mpira wenye urefu wake, na linahitaji njia. Mtaa ambao gari halifiki, choo kikijaa watu wanasubiri mvua kubwa wakatapishe usiku. Kipindupindu cha jiji hili kinalishwa na tabia hiyo, na mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuizuia. Kama gari halifiki na hakuna bomba la majitaka la DAWASA, nyumba hiyo mimi siinunui hata ikishushwa bei.

Hatua ya tano: malipo

Lipa kwa benki, jina kwa jina, na risiti za benki ziambatane na mkataba. Weka sehemu ya fedha ya mwisho ikusubiri mpaka nyumba ikabidhiwe ikiwa tupu, au wapangaji waliopo watambulishwe kwako kwa maandishi, pamoja na tarehe zao za kodi. Kuna muuzaji anayechukua kodi ya mwaka mzima mwezi mmoja kabla ya kukuuzia. Ushuru wa stempu kwenye uhamisho ni asilimia 1, na muuzaji ana kodi yake ya faida ya mauzo. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini, maana uhamisho wa hati hauendi bila kodi hizo kulipwa.

Hatua ya sita: malizana na umeme na maji kabla mpangaji hajaingia

Ugomvi mkubwa wa nyumba za kupanga hautokani na kodi. Unatokana na LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Mita ikiwa moja na familia ni nne, kila wiki kuna kikao uani. Mwenye friji anasema friji haili umeme. Mwenye pasi anasema anapiga Jumapili tu. Mama asiye na kitu zaidi ya taa mbili na simu anauliza, "Mimi sina hata feni, kwa nini nitoe elfu kumi sawa na wenye sabufa?" Ana haki. Umeme unaisha saa tatu usiku na kila mtu anajifanya amelala. Anayehama kwanza huwa ni yule mpangaji mtulivu anayelipa kwa wakati, kwa sababu ndiye aliyekuwa akinunua uniti peke yake.

Kuna hasara nyingine iliyojificha. TANESCO ina kundi la wateja wadogo, D1, ambao matumizi yao hayazidi uniti 75 kwa mwezi, na uniti yao ni Sh100 kabla ya VAT na tozo. Kundi la T1, la wateja wa kawaida, ni Sh292. Familia nne kwenye mita moja haziwezi kubaki chini ya uniti 75, kwa hiyo wote wanalipa bei ya juu, hata yule wa taa mbili.

Dawa bora ni mita ya LUKU kwa kila sehemu. Tangu 2022 kuunganishiwa umeme wa kawaida mjini pasipo kuhitaji nguzo ni Sh320,960, na kuna gharama ya kutenganisha waya ndani. Ni fedha nyingi, lakini inarudi kwa wapangaji kukaa muda mrefu. Ikishindikana, weka mita ndogo za kusomea kila chumba, fundi afunge mbele ya wapangaji wote, na mwisho wa wiki kila mmoja aone namba yake. Taa za uani na pampu ziwe kwenye hesabu yako wewe.

Kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo. Tangu Julai 2023 ni Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kwa ghorofa Sh7,500 kwa kila sakafu. Ni kodi ya mwenye nyumba. Mpangaji akinunua umeme ikakatwa, mrudishie kwenye pango bila kusubiri adai. Nyumba yenye mita kadhaa, hakikisha haikatwi kwenye kila moja, na ikikatwa peleka taarifa.

Kwa maji, weka tangi lenye akiba ya siku kadhaa, lililoinuliwa kwenye mnara wa zege au wa chuma, na floti nzima. Presha ya DAWASA inabadilika mtaa kwa mtaa, na boza la maji ni ghali. Mpangaji anayebeba ndoo kila alfajiri anatafuta nyumba nyingine.

Hatua ya saba: mpangaji na mkataba wake

Sheria ya zamani ya kudhibiti pango ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mazoea ya kudai miezi sita au mwaka mzima yakaota mizizi. Mimi napokea miezi mitatu. Najua wenzangu wengi hawakubaliani nami. Lakini mtu anayelazimishwa kutafuta laki tisa kwa mpigo anakopa, na miezi sita ikiisha hana zingine, kwa hiyo anahama au anaanza kukukwepa. Miezi mitatu inamruhusu mwalimu, nesi au fundi kulipa kwa mapato yake mwenyewe. Nami nina sababu ya kufika pale kila robo mwaka na kuiona nyumba kwa macho.

Mkataba uwe wa maandishi, kwa Kiswahili anachokielewa. Ndani yake weka majina na namba ya NIDA, kiasi, tarehe ya kuanza na kuisha, fedha ya dhamana na masharti ya kuirudisha, notisi ya pande zote mbili, idadi ya watu watakaoishi, na nani anatengeneza nini. Mimi naandika hivi: paa, kuta, waya za ndani ya ukuta, mabomba na karo ni vyangu. Balbu, koki zilizovunjwa, vioo na vitasa vilivyoharibiwa ni vya mpangaji. Pampasi na pedi zikikutwa kwenye chemba, uzibuaji ni wake. Siku ya kuingia pigeni picha kila ukuta, mbele yake, na kila mmoja abaki nazo.

Mpeleke ofisi ya mtaa akaandikishwe. Na ukizungumza naye, mheshimu. Wapo wenye nyumba wanaoingia uani bila hodi na kufokea watu wazima mbele ya watoto wao. Mpangaji ni mteja wako na pale ni kwake kwa muda aliolipia. Ukipiga simu kwanza, "Mama Zuhura, habari za asubuhi, kesho saa nne nitakuja na fundi kuangalia paa," utakuta mlango uko wazi na matatizo yote ya nyumba utaelezwa bila kuuliza.

Hatua ya nane: matengenezo kwa majira

Februari, kabla ya masika: fundi apande paani, abadilishe misumari iliyolegea na mipira yake, azibe kofia, asafishe gata. Nyonya karo mwezi huo huo, kwa sababu Aprili magari yana foleni na njia ni tope. Safisha mtaro wa mbele ya nyumba hata kama taka ni za jirani.

Katikati ya masika nenda mvua inanyesha. Dakika ishirini za kusimama uani na mwavuli zitakueleza yale ambayo fundi angekutoza siku mbili kuyatafuta.

Juni na Julai, ardhi ikikauka, ndiyo majira ya chumvi, plasta na rangi. Dawa ya mchwa pia. Septemba osha tangi na kagua floti na koki, kisha rudia paa kwa ufupi kabla ya vuli.

Uvujaji mdogo tengeneza wiki hiyo hiyo. Msumari mmoja unaovuja unaozesha jipsamu, jipsamu inashuka kwenye waya wa taa, na kazi ya fundi bati inageuka kazi ya mafundi watatu. Mafundi nao wachague wachache na uwalipe siku ya kazi. Fundi bomba anayejua chemba zako zilipo anakuokolea kuvunja sakafu. Chora ramani ya mabomba na waya, iwe ya mkono tu, uiweke kwenye faili la nyumba.

Hatua ya tisa: daftari na kodi ya pango

Fungua akaunti ya nyumba peke yake, benki au hata laini ya simu isiyofanya kazi nyingine. Pango lote liingie humo, matengenezo yote yatoke humo. Asilimia 10 ya serikali iweke pembeni siku unayopokea pango. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi, atakukata mwenyewe na kuipeleka TRA. Dai hati ya makato uitunze. Akiwa mtu binafsi, jukumu la kuitangaza TRA usilimwachie yeye. Risiti za mafundi zihifadhi pia, kwa sababu siku ukiuza, kodi ya faida inaangalia ulichotumia, na kisichoandikwa hakihesabiwi.

Mpangaji akishindwa kulipa

Kwanza ongea naye, mapema, mwezi wa kwanza. Wengi wana sababu, na wengi wakipewa utaratibu wa kulipa kidogo kidogo wanamaliza. Ikishindikana, toa notisi ya maandishi yenye tarehe na nakala ofisi ya mtaa. Usuluhishi unafanyika Baraza la Ardhi la Kata, na shauri likibaki linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usitoe mlango, usiezue bati, usikate umeme, usitupe vyombo vya mtu nje. Ni kosa, linageuza mdaiwa kuwa mdai, na mtaa mzima utakukumbuka kwa hilo kila unapotafuta mpangaji mpya.

Nyumba ya pili

Subiri mpaka nyumba ya kwanza imepita masika mbili mikononi mwako na akaunti yake ina akiba ya kuezeka paa zima bila kugusa mshahara. Ukifika hapo, itafute ya pili kwenye mtaa huo huo au njia hiyo hiyo ya daladala. Mafundi watakuwa wale wale, mwenyekiti wa mtaa anakufahamu, na mpangaji wa nyumba ya kwanza anayehitaji vyumba viwili baada ya kupata mtoto hatakuwa na haja ya dalali.